Chumba Kilichoacha Kugombana

Kila asubuhi, kabla watu wa mji hawajafungua mabomba yao na kuanza kulaumu, watu wanne huketi katika chumba kimoja juu ya ofisi ya maji na kuamua nani atapata na nani atasubiri. Mto hautoshi. Haujawahi kutosha tangu mji ulipovuka reli na kupanda vilima, kwa hiyo kila siku kanda moja hufungwa ili nyingine zipumue. Msimamizi wa chumba hicho ni mwanamke wa makamo anayeitwa Bi Koki. Jina hilo alipewa na mafundi bomba zamani, alipokuwa bado anatembea na spana begani, na limemng'ang'ania kiasi kwamba hata meneja humwita hivyo anapojisahau mbele ya wageni.

Asubuhi ambayo barua ilimfikia mezani, skrini ilikuwa imekwisha sema neno lake. Skrini hiyo imeshika ukuta wa mbele kutoka dirishani hadi mlangoni. Mji wote umechorwa humo: mabomba kwa mistari, matangi kwa ndoo ndogo zinazojaa na kupungua, kanda kwa rangi. Yenye maji ya kutosha ni kijani. Ile ambayo mtambo unapendekeza ifungwe humeta njano, taratibu, kama jicho linalokonyeza.

"Mteremko," alisema Injinia, kijana mpole aliyekaa karibu na kibodi.

"Mteremko," alisema Bwana Dozi, mtu wa kutia dawa kwenye maji, bila kuinua uso kutoka kwenye chai yake.

Bi Koki aligeuza shingo. Meza zimepangwa kwa mstari kama darasa, zote zikitazama ukuta, na ukitaka kumwona aliye nyuma yako lazima ujipinde. Nyuma yake alikaa fundi mkongwe wa zamu, mtu mrefu mwenye miwani, ambaye mji mzima wa wafanyakazi wa maji ulimjua kwa jina la Wakili.

"Wakili, unasemaje?"

"Sawa."

Injinia akabonyeza. Kanda ya Mteremko ikageuka kijivu. Kazi ikawa imekwisha kabla chai haijapoa vya kutosha kunyweka.

Neno lile la Wakili lilimkaa Bi Koki kifuani kama mfupa wa samaki. Huyu alikuwa mtu ambaye, ukimwambia jua limechomoza, alikuuliza limechomoza kwa nani. Sasa kila asubuhi alisema sawa, kwa sauti ya mtu anayepokea chenji. Na chini ya kikombe cha Bi Koki kulikuwa na barua ya Wakili, iliyoandikwa kwa mwandiko wake ulionyooka, ikiomba ahamishiwe kituo cha chanzoni, kule juu milimani maji yanakotoka. Ilihitaji sahihi ya msimamizi kabla ya Ijumaa.

*

Kabla ya skrini palikuwa na ubao. Ulikuwa plaiwudi tatu zilizopigiliwa pamoja, na mabomba yamechorwa juu yake kwa rangi ya mafuta na mchora mabango wa sokoni, ambaye rangi ya bluu ilimwishia akamalizia mto kwa kijani. Kila kanda ilikuwa na msumari, na juu ya msumari kibao cha duara, kijani upande mmoja, chekundu upande wa pili. Kufunga kanda ilikuwa ni kukigeuza kibao. Lakini kibao hakikugeuzwa hivi hivi.

Chumba kilikuwa na sheria yake, na hakuna aliyekumbuka nani aliitunga. Msimamizi alikishika kibao akauliza, "Nani wakili wake?" Lazima mtu mmoja asimame aitetee kanda hiyo kana kwamba kitovu chake kilizikwa huko. Asiposimama mtu, kanda haifungwi. Na hukuruhusiwa kuitetea kanda unayoishi. Kila mwamba ngozi huvutia kwake. Humo chumbani ilikuwa marufuku kuvutia kwako, ulilazimika kuvutia kwa mwenzako.

Basi walisimama mbele ya ubao, nusu duara, mabega yakigusana kwa ufinyu wa chumba, wakagombana. Bwana Dozi hakuwa na ulimi. Aliposimama alisema, "Jamani, hata wao ni watu," akakaa. Yule fundi mrefu, kinyume chake, alikuwa na ulimi wa watu watatu. Alivua miwani kwanza, akaiweka mfukoni, kwa sababu, alisema, dhuluma haihitaji miwani. Kisha aliinua kidevu. Alikuwa anajua kwamba kwenye Kanda ya Shule kuna bweni la wasichana na mpishi mwenye mgongo mbovu. Alikuwa anajua kwamba upande wa Reli kuna zahanati na mkunga anayefua mashuka mwenyewe. Alikuleta mlangoni kwa mkunga huyo, akakuonyesha beseni tupu, na ulipotaka kujibu ulijikuta una aibu. Ndivyo jina la Wakili lilivyomshika.

"Shemeji," alimwambia Bi Koki siku moja, kwani katika ujana wake alicheza timu moja ya mpira na mumewe, "ukigeuza kibao hicho, nitakwenda kwa mkunga nimwambie ni mkono gani umegeuza. Nitamwelekeza mpaka nyumbani kwako."

"Mwelekeze. Na umwambie aje na beseni, nina nguo za kufua."

Waligombana hivyo kwa miaka. Walitoka wamekunja nyuso, wakakutana kwenye birika la chai, wakaanza upya. Na ilikuwa ni ugomvi huo uliowaponza. Siku moja ya masika walikuwa wakibishana, Shule au Reli, sauti zikafika hadi kwa wahasibu chini, na hakuna aliyekumbuka kufunga njia inayoingiza maji tangi la juu. Tangi likajaa, likafurika. Maji yakateremka kilima chote, yakaingia kwenye vibanda vya viatu vya mitumba, na nusu ya mji ikashuhudia makubazi yakielea barabarani wakati nusu nyingine haina maji ya kunawa uso. Meneja alikuja amekunja suruali hadi magotini.

"Mlikuwa wapi?"

"Tulikuwa tunajadili maji," alijibu Wakili.

Jibu hilo lilienea mjini kuliko mafuriko yenyewe. Bi Koki ndiye aliyekwenda kujieleza mbele ya wakubwa, na aliporudi alikuwa amekwisha kata shauri. Skrini haikuletwa na mtu mwingine. Aliiomba yeye, akaandika sababu zake, akakataliwa, akaandika tena, akasafiri kwenda kuiona kwenye mji mwingine ilikofungwa, akarudi akaandika kwa mara nyingine. Ilipofika alisimama chini yake akiwaelekeza mafundi, juu kidogo, kushoto kidogo, kama bibi harusi anayepanga kabati. Meza ziligeuzwa zitazame ukuta. Ubao ulishushwa, ukapasuliwa, na plaiwudi zake zikawa mlango wa chumba cha pampu.

Ni vizuri kusema wazi kwamba skrini ilifanya kazi. Tangi halikufurika tena. Bomba likipasuka usiku, mstari wake uligeuka mwekundu, na mafundi walikuta mahali palipopasuka badala ya kuchimba mtaa mzima wakitafuta. Mgao ulikuwa wa haki kuliko zamani. Ofisi ilipofanya sherehe ndogo ya soda na keki kuadhimisha mwaka wa kwanza, Bi Koki mwenyewe alimwomba Injinia achore picha ya kulinganisha, na Injinia akaiweka ukutani: kila kanda na mnara wake, enzi za ubao na enzi za skrini. Minara ya enzi za ubao ilikuwa mirefu na mifupi kama meno ya mzee. Ya enzi za skrini ilikuwa karibu sawasawa. Watu walipiga makofi. Wakili alikuwa wa kwanza kupiga, na Bi Koki alipomwona alifurahi, akasema moyoni: huyu naye amekubali.

Tangu siku hiyo ndipo sawa zilipoanza. Bi Koki hakuunganisha mambo hayo mawili.

*

Siku ya barua alimfuata uani, mahali ambapo mafundi hukaa juu ya vipande vya bomba kuukuu. Wakili alikuwa anakunywa chai na mkate, miguu ameinyoosha.

"Shemeji, barua yako nimeiona."

"Kumbe unasoma barua za watu."

"Umeniandikia mimi."

"Nimemwandikia msimamizi wa zamu. Wewe hapa ni shemeji yangu, umeshika kikombe."

Bi Koki akakaa kwenye bomba la pili. "Unakwenda kufanya nini chanzoni? Kule kuna majani na nyani."

"Nyani hawana mikutano."

"Ni ile skrini?"

"Skrini imenikosea nini? Mimi ndiye niliyeshika ngazi siku inafungwa."

"Basi ni nini?"

"Magoti. Ngazi za ofisi hii zilijengwa na mtu aliyechukia wazee."

"Kule kuna mlima mzima."

"Mlima ni wa Mungu. Sina kesi nao."

Alisema hivyo huku akipangusa makombo ya mkate gotini, na Bi Koki akatambua kwamba hata utani ule ulikuwa umefungwa mlango. Zamani utani wake ulikuwa mwanzo wa ugomvi. Huu ulikuwa wa kumsindikiza mgeni.

Nyumbani jioni alimweleza mumewe, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, aliyekuwa amekaa sebuleni akimenya viazi juu ya gazeti.

"Nikuelewe," alisema mwalimu. "Mtu alikuwa anakutukana kila asubuhi. Sasa hakutukani. Na wewe umepoteza usingizi."

"Hakuwa ananitukana. Alikuwa ananipinga."

"Kama ni hilo tu, mke wangu, hapa nyumbani utalipata bure."

"Wewe hujui kupinga. Wewe unanuna."

Mwalimu alimenya kiazi kingine, akatafakari. "Yule nilicheza naye. Alikuwa beki. Alipiga kelele uwanja mzima, anampanga huyu, anamfokea yule. Ukimsikia kimya, ujue ameumia na hataki kocha ajue."

Bi Koki alilala na maneno hayo. Alijaribu kupima kwa usahihi ni nini alichokuwa akikitamani, kwa sababu ni mtu asiyependa kutamani ovyo. Haukuwa ule ubao. Ubao ulikuwa unaacha vumbi na misumari yake ilichana mikono. Hayakuwa mapenzi pia, na anayedhani ni mapenzi hajawahi kufanya kazi na mtu miaka mingi. Alitamani kidevu kile kikiinuka. Alitamani kusimama mbele ya mtu anayemwambia hapana, akamwona machoni kwamba hapana hiyo imetoka mahali, na kwamba ili ampite lazima atafute neno lililo bora kuliko alilokuja nalo. Siku hizi hakuna aliyemwambia hapana. Walikaa wote wakitazama upande mmoja, kama abiria, na ukuta uliwaambia wanakokwenda. Kumpinga Bi Koki kungekuwa kumpinga Bi Koki tu. Kupinga ukuta mzima wenye taa, mbele ya wenzako waliokwisha utazama na kuridhika, nani ana kifua hicho?

Alitaka abaki. Na kama hawezi kubaki, basi alitaka wagombane mara moja zaidi, kwa dhati, kabla hajaweka sahihi.

*

Alhamisi mota ya pampu kubwa iliungua. Mota nyingine ingefika wiki ijayo. Safari hii haikuwa kufunga kanda kwa siku moja; kanda moja ingekaa kavu hadi mota ifungwe, na malori ya maji yangeizungukia. Waliingia chumbani wakakuta skrini imekwisha chagua. Reli ilikuwa inameta njano.

"Reli," alisema Injinia.

"Reli," alisema Bwana Dozi.

"Subirini," alisema Bi Koki. "Geuzeni viti."

Injinia alimtazama. "Tutaionaje skrini, mama?"

"Tumeshaiona. Haikimbii. Geuzeni viti tutazamane."

Viti vikaburutwa. Wakakaa duara, magoti karibu yagusane, na ikawa aibu tupu. Hakuna aliyejua aweke wapi macho. Bwana Dozi aliyaweka kwenye viatu vyake. Injinia, ambaye aliajiriwa skrini ikiwa tayari ukutani, alikuwa akisikia habari za uwakili kama mtoto anavyosikia habari za vita. Alikunja mikono mapajani akasubiri.

"Nani wakili wa Reli?" aliuliza Bi Koki.

Injinia akainua kidole kama mwanafunzi. "Ningeweza mimi. Ila mimi naishi Reli."

"Huruhusiwi."

"Nilidhani hiyo ndiyo sifa."

"Hiyo ndiyo kasoro, mwanangu."

Bwana Dozi alikohoa. "Jamani," alisema, "hata wao ni watu." Wakacheka, hata Wakili midomo ilimcheza, na kwa kitambo kidogo chumba kilipata joto.

"Wakili," alisema Bi Koki. "Mkunga yuko Reli. Beseni lake unalijua."

"Fungeni Reli," alisema Wakili. "Mtambo umepiga hesabu na hesabu ni sahihi. Zahanati itapelekewa lori la kwanza."

"Sikukuuliza mtambo umesema nini."

"Mimi sina zaidi."

"Miaka yote ulikuwa na zaidi."

"Ndiyo. Na umeona ilikotufikisha." Alimgeukia Injinia, kwa upole. "Mwanangu, hebu iweke ile picha ya siku ya keki."

Injinia alimtazama Bi Koki, Bi Koki akatikisa kichwa kukubali. Minara ikatokea ukutani, na wote ikabidi wapinde shingo. Wakili alitoa miwani mfukoni akaivaa. Bi Koki aliliona hilo, na likamtia baridi, kwa sababu katika maisha yao yote ya kubishana mtu huyu alivua miwani, hakuvaa.

"Ile fupi kabisa ni kanda gani?"

"Machinjio," alisema Injinia. "Enzi za ubao."

"Nani alikuwa wakili wa Machinjio?"

Bwana Dozi alizidi kuinama.

"Tulia, Dozi, si wewe. Wewe ulisema neno lako moja ukakaa, kwa sababu mimi nilikuwa nimekwisha inuka. Niliisimamia Shule. Niliisimamia Reli. Nilisimama kila penye hadithi nzuri, na mnajua napenda hadithi. Machinjio hapana hadithi, pana harufu. Sikuwahi kusimama kwa ajili yao, hata mara moja. Kila nilipowashinda ninyi humu, kuna mtu kule alibeba ndoo. Mimi nikateremka zile ngazi nimefurahi, nikaenda kula."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayesoma mita.

"Mkono uliogeuza kibao ulikuwa wangu," alisema Bi Koki.

"Ulikuwa wako, na mdomo ulikuwa wangu. Usininyang'anye."

"Hatukujua. Ubao haukuonyesha jana, ulionyesha leo tu. Kila siku tulianza upya."

"Hivyo ndivyo nisemavyo. Skrini inaonyesha jana. Ndiyo maana nimenyamaza niiache ifanye kazi."

"Na ndiyo maana imekuwa kama msikiti bila adhana humu," alisema Bi Koki, na sauti yake ilikuwa imepanda. "Picha hiyo inapima maji. Haipimi kitu kingine. Zamani kila aliyefungiwa alitajwa kwa kinywa. Tulimjua. Siku hizi tunafunga kanda kama mtu anavyozima taa akienda kulala."

"Alitajwa." Wakili alisimama. "Mtu amekaa na ndoo kavu, umwendee umwambie: mama, usijali, ulitajwa?"

"Usigeuze maneno yangu."

"Sijayageuza. Nimeyatazama upande wa pili."

"Ungekuwa wewe ndiye umefungiwa, ungetaka ukatwe na nani? Mtu aliyekutazama, au rangi ya njano?"

"Ningetaka maji, shemeji. Watu wa Machinjio hawakuomba kutazamwa vizuri. Waliomba zamu yao."

Bi Koki naye alikuwa amesimama, bila kujua amesimama saa ngapi. Injinia aligeuza kichwa huku na huku kama anayefuata mpira. Bwana Dozi alikuwa ameinua uso hatimaye, anatabasamu waziwazi, kama mtu aliyesikia nje mlio wa mvua iliyochelewa. Kidevu cha Wakili kilikuwa juu. Na Bi Koki, katikati ya hasira yake, alijisikia amerudishiwa kitu chake, chote, kizima, na papo hapo akaelewa kwamba kila sentensi nzuri aliyoitoa mtu yule ilikuwa inamsogeza karibu na mlango. Akatafuta neno lake bora kuliko yote.

"Basi," alisema taratibu, "mtu anayeweza kusema hivi kwa ajili ya Machinjio, kwa nini asikae hapa aseme hivi kwa ajili ya Machinjio?"

Ilionekana Wakili ameguswa. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaitazama badala ya kumtazama yeye.

"Kwa sababu nitashinda tena," alisema. "Ndilo tatizo langu. Nitasimama, nitawaonyesha beseni la mtu, mtalia machozi, nitashinda. Na sitajua ni nani niliyemshinda mpaka Injinia achore picha nyingine, baada ya miaka. Mimi siwezi kuipiga makofi picha ya namna ile mara mbili."

Sheria ya chumba ilisema wakili akimaliza na asipatikane wa kumjibu, ameshinda. Bi Koki alitafuta jibu kwenye nyuso zao, akatafuta hata ukutani, ambako minara ilisimama imetulia na taa zake.

Hakupata.

"Fungeni Reli," alisema hatimaye. "Lori la kwanza liende zahanati." Injinia akaburuta kiti hadi kwenye kibodi akabonyeza. Uamuzi ulikuwa uleule uliopendekezwa asubuhi, na, kwa haki yote, ulikuwa sahihi. Kisha Bi Koki akaenda mezani kwake akaweka sahihi kwenye barua, bila kukaa.

"Asante, shemeji," alisema Wakili nyuma yake.

"Usinishukuru. Nimeshindwa tu."

"Umeshindwa vizuri. Zamani mlikuwa mnashindwa ovyo."

*

Wakili hakutaka sherehe ya kuagwa. Alisema keki ya ofisi hiyo humtoa mtu machozi kwa sababu nyingine. Bwana Dozi alimpa chupa ya chai. Mwalimu alimsindikiza hadi kituo cha mabasi, na aliporudi alimwambia mkewe kwamba mzigo wake wote ulikuwa begi moja na buti.

Viti vilirudi kwenye mstari siku iliyofuata, kwa sababu mfagiaji huvipanga hivyo kila asubuhi, na hakuna aliyemwambia asifanye hivyo. Mara mojamoja, kunapokuwa na jambo zito, Bi Koki huwaambia wavigeuze. Injinia hujitahidi. Ana mantiki nzuri na husema "kwa upande mwingine" kabla ya kila hoja. Siku moja alifikia hatua ya kumwambia Bi Koki, "Hapo mama sikubaliani nawe," akashtuka mwenyewe, akaomba radhi. Bi Koki alimwambia asiombe. Lakini radhi ilikuwa imekwisha ombwa.

Alimpigia Wakili simu mara moja. Mtandao wa kule chanzoni ni hafifu, sauti ilikuja vipandevipande, wakaishia kupiga kelele za "unanisikia?" kama viziwi. Zamani mtu wa chanzoni alipaswa kupiga simu ya upepo kila asubuhi kusoma kimo cha maji. Siku hizi kifaa hukipima na kukituma chenyewe. Hicho nacho kilikuwa kwenye maombi ya Bi Koki, ukurasa uleule wa skrini. Alikiombea kwa sababu simu zile zilikuwa zinakatiza mkutano.

Kwa hiyo kinachofika kutoka chanzoni ni namba tu. Iko chini kabisa ya skrini, kona ya kulia, kwa herufi ndogo. Bi Koki huingia chumbani kabla ya wenzake, hutundika mkoba, na hutazama kona hiyo kabla hajatazama kanda. Usiku majani huangukia mtoni na kuziba wavu wa mlango wa maji, hivyo alfajiri namba huwa imeshuka, na huendelea kushuka kidogokidogo kama mtu anayesinzia. Kisha hufika wakati huinuka ghafla.

Asubuhi moja Injinia aliingia akamkuta amesimama hapo, mkoba bado begani.

"Kuna hitilafu, mama?"

"Hapana."

Akasimama kando yake akatazama anakotazama. Namba ilishuka, ikasita, ikashuka tena.

"Naweza kuiwekea kengele," alisema. "Ikishuka sana italia yenyewe, usisumbuke kuisimamia."

"Usiiwekee."

Walisubiri. Nje mafundi walikuwa wanapakia spana kwenye gari, na mmoja alikuwa anamcheka mwingine kwa jambo ambalo halikusikika vizuri. Namba ikatulia. Halafu ikaruka, mara moja, ikapanda mpaka mahali pake pa kila siku, ikabaki hapo ikitetemeka.

"Ahaa," alisema Injinia. "Imejirekebisha."

"Haijirekebishi," alisema Bi Koki. "Ameingia majini kuondoa majani. Maji ya kule ni baridi asubuhi."

Alishusha mkoba, akakaa, akainua macho kuzitazama kanda.